Mgonjwa Ameshuka Kibirizi: Mpeleke Wapi?

Boti za kaskazini huingia mwalo wa Kibirizi asubuhi na shehena zake: dagaa, mawese, ndizi, na mara nyingi mgonjwa. Mtoto kafunikwa kitenge mgongoni kwa mama yake. Mzee kashikwa makwapani na vijana wawili, wanamshusha kwenye maji ya magotini. Bodaboda wanaosubiri huko juu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza, "Maweni?" na safari inaanza.

Kabla ya kupanda, jiulize wewe anaumwa nini. Kigoma Ujiji ina zahanati, vituo vya afya, hospitali ya rufaa ya mkoa na hospitali ya dini, na kila mlango una kazi yake, saa zake, gharama zake na mtu wa kumlalamikia. Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Kibirizi na kwa anayeshuka hapo akitokea vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo au Kagunga.

Kwa nini mlango wa kwanza una uzito

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni imewekwa ipokee walioshindikana kwingine, si wa mjini tu bali wa mkoa mzima: Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko. Gari la wagonjwa likifika na mama anayevuja damu, na wewe uko benchini na mtoto aliyeanza homa jana, mhudumu wa mapokezi hafuati nani kafika kwanza. Anafuata nani anaweza kufa kwanza. Utasubiri, na hakuna aliyekudharau.

Kwa mtu wa kaskazini kusubiri kuna gharama yake. Boti za kurudi huondoka Kibirizi mchana. Foleni ikikushika, umelala mjini, na kulala mjini ni chakula, nauli ya kesho, na chumba au kumsumbua shemeji.

Najua kwa nini watu wanairuka zahanati. Waliwahi kufika wakaambiwa dawa zimekwisha, au wakamkuta mhudumu mmoja anazalisha na benchi zima linamngoja yeye. Hilo ni la kweli na halifai kubezwa. Lakini kwa homa ya kawaida, kipimo cha haraka cha malaria cha zahanati kinatosha, na dawa ya mseto ni ileile ya hospitali. Dawa ikikosekana zahanati utaandikiwa ukanunue; na hospitali kubwa nayo huandika vikaratasi hivyo.

Milango yenyewe, kuanzia chini

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu hana jengo. Ni jirani yako aliyepewa mafunzo. Anatembelea wajawazito na wachanga, anajua dalili za hatari, na anaweza kukuandikia ukafike kituoni. Mwenyekiti wa mtaa ndiye atakayekwambia ni nani katika mtaa wenu. Mjue kabla hamjaumwa.

Duka la dawa muhimu. Hili ni duka, si kituo cha tiba. Mpango wa maduka haya ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa mbali na famasi wapate dawa salama kwa mtu aliyefundishwa. Tazama kibali kilichobandikwa ukutani. Muuzaji akikuambia akuchome sindano nyuma ya pazia, au akulaze akutundikie dripu, toka.

Zahanati. Hapa ndipo pa kuanzia kwa mengi: homa, kikohozi, kuharisha kwa kawaida, vidonda, minyoo, chanjo, uzazi wa mpango, kliniki ya mama na mtoto, na kujifungua kusiko na shida. Humo utamkuta tabibu na wauguzi. Kichocho pia uliza hapa: anayeoga, kufua na kuvua ziwani kila siku yuko kwenye hatari, na wengi huishi na tumbo linalouma na damu kwenye choo miaka mingi wakidhani ni vidonda vya tumbo.

Udhaifu wa zahanati ni saa. Huduma za wagonjwa wa nje hufuata saa za kazi za serikali, yaani kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Uchungu wa kuzaa na dharura hupokelewa nje ya saa hizo, lakini pengine itabidi mhudumu aitwe nyumbani. Uliza mapema namba yake ya simu. Huwa imeandikwa mlangoni.

Kituo cha afya. Watu wengi hawautumii mlango huu ipasavyo, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kituo cha afya, kama kile cha Gungu au cha Ujiji, kiko juu ya zahanati na chini ya hospitali. Kina vitanda vya kulaza, maabara yenye vipimo vingi kuliko zahanati, na mhudumu usiku na mchana. Mgonjwa anayehitaji dripu na kuangaliwa hadi kesho, lakini hahitaji bingwa, mahali pake ni hapa.

Baadhi ya vituo vya afya vina chumba cha upasuaji na humpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mkoa wa Kigoma una historia katika hili. Kuanzia mwaka 2006, kwa fedha za Bloomberg Philanthropies na baadaye kwa kazi ya shirika la Thamini Uhai, vituo vya afya vya mkoa huu viliwekewa vyumba vya upasuaji, na madaktari wasaidizi na wauguzi wakafundishwa kupasua na kutoa nusukaputi bila kumngoja daktari bingwa. Sababu ni hesabu ya muda: mama akianza kutoka damu nyingi baada ya kuzaa, anaweza kufa ndani ya saa mbili, na kutoka vijiji vingi vya mkoa huu saa mbili hazitoshi kufika Maweni.

Kwa hiyo mjamzito aulize kliniki, mimba ikiwa bado changa: "Kituo kipi cha karibu kinapasua usiku?" Jibu aliandike kwenye kadi yake. Kuwa na chumba cha upasuaji ni jambo moja, na kuwa na mtu wa kupasua saa nane za usiku ni jingine.

Maweni. Hapa kuna madaktari bingwa, picha za eksirei, upasuaji mkubwa, benki ya damu, wodi za watoto na za wazazi, na kitengo cha dharura kisichofungwa. Njoo na barua ya rufaa, au njoo na dharura.

Hospitali ya Baptist. Ni ya dini, na ni ya miaka mingi hapa Kigoma. Usidhani bei zake ni za serikali wala usidhani ni ghali kuliko kwingine. Uliza dirishani kabla ya kufungua faili, na uliza kama wanapokea bima yako.

Kanda na taifa. Maweni ikishindwa, mgonjwa huandikiwa kwenda hospitali ya kanda, kama Bugando iliyoko Mwanza, au Dar es Salaam: Muhimbili, MOI kwa mifupa na ubongo, Taasisi ya Jakaya Kikwete kwa moyo, Ocean Road kwa saratani. Huko hakuna wa kukupokea kwa homa. Usipande treni na mgonjwa bila karatasi.

---

KISANDUKU: HAPA RUKA NGAZI

Ukiona moja ya haya, usipite zahanati kwa heshima ya utaratibu. Nenda kituo cha afya chenye mhudumu saa hiyo au Maweni, kulingana na kipi ni karibu.

*Mtoto:* hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, anapumua kwa shida hata kifua kinabonyea.

*Mjamzito au mzazi:* anatoka damu, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, amepata kifafa, chupa ya uzazi imepasuka na uchungu haujaanza, mtoto hachezi tumboni, ana homa kali, kondo la nyuma halijatoka.

*Mtu yeyote:* amezimia, upande mmoja wa mwili umelegea ghafla au mdomo umepinda, kifua kinabana na jasho linamtoka, damu haikatiki, ameungua eneo kubwa, ameopolewa ziwani, hata kama sasa anazungumza.

Aliyeungua kwa petroli au jenereta ya taa za uvuvi, mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida dakika ishirini, kisha mfunike kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta ya kula na yai huziba kidonda na kumpa muuguzi kazi ya kukwangua.

---

Siku ya kwenda: hatua kwa hatua

1. Chagua mlango ukiwa bado nyumbani. Soma kisanduku hapo juu. Hakuna dalili hizo? Zahanati. Ziko? Ruka.

2. Kusanya karatasi. Kadi ya kliniki, daftari la matibabu, kadi ya bima, kitambulisho. Weka ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Karatasi iliyolowa ziwani haisomeki.

3. Chukua dawa alizokwisha kumeza. Si majina, dawa zenyewe na maboksi yake. Kama amekunywa mitishamba, sema. Tabibu mzuri hatakucheka, na dawa nyingine za miti zikikutana na za hospitali huumiza figo au ini.

4. Fika mapema. Maabara ya zahanati huelemewa kadiri siku inavyokwenda. Anayeshuka boti saa mbili akaenda moja kwa moja ana nafasi ya kupata majibu kabla boti ya mchana haijaondoka. Anayepita sokoni kwanza kuuza dagaa, ajue amechagua kulala.

5. Mapokezini anza na jambo kubwa. "Mtoto alipata degedege alfajiri" iseme kabla ya jina na mtaa. Wengi husubiri wafike kwa daktari ndipo waseme, na wamekaa saa mbili kwenye benchi la wenye mafua.

6. Lipa dirishani tu. Utapewa namba ya malipo, utalipa, utapata stakabadhi. Pesa ya mkononi kwa mtu aliyevaa koti jeupe si malipo ya hospitali.

7. Kabla hujatoka, uliza matatu. Ugonjwa unaitwaje? Dawa hii inanywewa vipi na hadi lini? Nikiona nini nirudi kabla ya siku mliyonipa? La tatu ndilo husahaulika, na ndilo linaloamua kama mtoto atarudishwa kwa wakati au kwa kuchelewa.

Ukiandikiwa rufaa

Barua ya rufaa hueleza mgonjwa ana nini, amepimwa nini, amepewa dawa gani na saa ngapi, na kwa nini anahamishwa. Isome, au mwombe mtu akusomee, kabla hujaondoka. Hakikisha ina mhuri, sahihi na tarehe. Bima nyingi hukataa kulipia hospitali ya juu kama barua haipo, na daktari wa Maweni asiyejua sindano iliyochomwa saa tatu zilizopita hawezi kuongeza nyingine kwa usalama.

Uliza kama kituo kimepiga simu kunakoenda mgonjwa. Uliza pia kama atahitaji damu. Kama ndiyo, nenda na ndugu wawili wazima walio tayari kuchangia. Damu haiuzwi Tanzania. Anayekuomba pesa ya chupa ya damu anakuibia.

Kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga kuna namba 115 ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, bila malipo. Mfumo huu ulijaribiwa kanda ya ziwa, Shinyanga ikiwemo, kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Unapiga, mtoa huduma anauliza dalili, kisha anatuma gari la wagonjwa. Likikosekana, anamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Wewe hudaiwi. Iandike ukutani, na mfundishe mtoto mkubwa wa nyumba kuipiga.

Pesa: nani halipi, na nani anaweza kusamehewa

Kwa sera ya serikali, katika vituo vya umma wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hawapaswi kulipia. Vivyo hivyo matibabu ya kifua kikuu, ukoma na VVU. Haki hiyo haitembei yenyewe. Inatembea na karatasi:

- Mtoto: kadi yake ya kliniki, inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa.
- Mzee: kitambulisho cha matibabu kinachotolewa na halmashauri. Kifuatilie akiwa mzima, kupitia mtendaji wa mtaa.
- Asiye na uwezo kabisa: barua ya mtendaji, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Nenda huko *kabla* bili haijakua, si siku ya kuruhusiwa.

Kuhusu bima: CHF iliyoboreshwa (bima ya afya ya jamii), iliyoanza 2018, ilipangwa ihudumie kaya ya watu hadi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mpangilio huo, kwa hiyo usilipe mtu yeyote kwa kusikia. Nenda ofisi ya kata, uliza kifurushi kilichopo sasa, kinafika hospitali gani, na kinaanza kufanya kazi lini baada ya kulipa. Anayekata bima mgonjwa akiwa mlangoni mara nyingi huambiwa asubiri.

Mambo mawili yenye utaratibu wake

*Aliyejeruhiwa.* Kwa ajali au kipigo, polisi hutoa fomu ya PF3. Kuokoa maisha hakusubiri fomu hiyo. Mtu mmoja abaki na majeruhi, mwingine aende kituo cha polisi. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, asioge, asifue nguo alizovaa, na afike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifanyi kazi zikichelewa kuliko hapo. Zikianza mapema zaidi ni bora.

*Anayeharisha maji kama ya kuoshea mchele.* Mwambao huu unakijua kipindupindu. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, ugonjwa ulilipuka ufukweni, na meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma kwa makundi. Ukishuku kipindupindu anza kumnywesha maji ya ORS papo hapo, paketi moja kwa lita moja ya maji salama. Kama huna, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita moja. Endelea kumnywesha njiani. Ukifika, mmoja wenu atangulie akawaambie wahudumu mgonjwa akiwa bado nje, wampitishe kwenye eneo la kutenga wagonjwa. Kumficha katikati ya foleni kwa aibu ni kuwaambukiza waliokuja kutibiwa mengine.

Makosa yanayorudiwa

Kugawana dozi ya mseto kati ya watoto wawili. Kuacha dawa siku ya pili kwa sababu homa imeshuka. Kumpeleka mgonjwa wa kiharusi kwa mganga kwanza "kuangalia" na hospitali baadaye; waganga wa Ujiji wana sifa zao, lakini mshipa wa ubongo haungoji ramli. Kuhama kituo kila siku mbili bila daftari, hata kila daktari anaanza upya na kipimo kilekile. Mama mjamzito kuanza kliniki tumbo likishaonekana na mtaa mzima. Aanze kabla ya wiki ya kumi na mbili, kwani ndipo upungufu wa damu na shinikizo la damu hugunduliwa vikiwa bado vinarekebishika. Na mume kubaki mwaloni na simu imezimwa wakati mkewe anasubiri mtu wa kusaini karatasi ya upasuaji.

Ukihudumiwa vibaya

Andika tarehe, saa, chumba, na kilichosemwa. Jina la mhudumu lipo kwenye kitambulisho chake. Kisha jua unayemwendea, maana kupiga mlango usiohusika hupoteza wiki nzima.

Zahanati na vituo vya afya viko chini ya Halmashauri ya Manispaa. Anza na mganga mfawidhi wa kituo, kisha kamati ya usimamizi ya kituo, ambamo wananchi wenzako wamo, kisha Mganga Mkuu wa Manispaa. Maweni haiko chini ya Manispaa. Hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa Wizara ya Afya kwa agizo la mwishoni mwa 2017. Kwa hiyo ya Maweni yanaanzia kwa mganga mfawidhi wa hospitali yenyewe, na yakikwama yanapanda wizarani, si kwa diwani.

Za kuandika ukutani

- 115: usafiri wa dharura wa wajawazito, wazazi na wachanga
- 199: Wizara ya Afya, maswali na taarifa za magonjwa ya mlipuko
- 112: polisi
- 114: zimamoto na uokoaji
- 113: TAKUKURU, ukiombwa rushwa ya huduma
- Namba ya mhudumu wa afya wa mtaa wako
- Namba ya mhudumu wa zamu wa zahanati
- Namba ya bodaboda au bajaji mmoja wa jirani anayekubali kuamshwa usiku. Mkubaliane bei mchana